Vitamini E ya farasi: tarehe kwenye kopo bado, lakini kilichomo ndani kimeshakufa

SaisiWaUsa (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za majukumu.

Nafanya kazi ya farasi huku Usa River, Arusha, mwaka wa 19 sasa. Nilianza kwa kuzoa mavi na kubeba ndoo, leo banda zima liko mikononi mwangu, farasi kumi na mmoja. Naandika uzi huu kwa sababu ya mmoja wao. Kilichompata kilitokana na mikono yangu mwenyewe, na nimeona wenzangu wengi wakifanya kile kile nilichokifanya.

Ni dume aliyehasiwa, miaka 14, kilo 480 hivi, mpole kiasi kwamba watoto wa jirani humpanda bila tandiko. Misimu miwili mfululizo mvua zilituchezea na kiwanja chetu kikabaki vumbi. Wote wakawa wanakula nyasi kavu za marobota. Na mnajua huku kwetu kabla jua halijazama lazima farasi awe ndani kwa ajili ya usubi unaoleta ule ugonjwa wa farasi wa Afrika, hatoki mpaka jua limekaa sawa asubuhi. Kwa hiyo hata zile kona chache zenye majani mabichi alizipata kwa saa chache tu.

Nilijua nyasi kavu hazina vitamini E ya maana. Nilimwomba mwenye farasi anunue, akanunua nzuri kweli: mafuta ya asili, chupa nyeusi, imetoka nje, tarehe ya kuisha ilikuwa mbele kwa miezi 14. Nilimpa kila asubuhi kwa karibu mwaka mzima. Sikuruka hata siku moja.

Pamoja na hayo akaanza kukonda. Anakula vizuri, anamaliza, lakini misuli ya mgongo na mapaja inapungua. Akisimama anahamisha uzito, mguu huu, mguu ule, kama sakafu inamchoma. Mapaja yanatetemeka. Analala chini mara nyingi mchana, jambo ambalo hakuwa nalo. Tukaangalia meno, tukapima minyoo, tukapima homa ya kupe. Hakuna kitu.

Daktari wa mifugo akasema tupime vitamini E kwenye damu. Nilimkatalia waziwazi. Nikamwambia daktari, huyu anakula vitamini E kila siku kwa mkono wangu. Akasema sawa, lakini tupime. Majibu yakarudi: 0.8. Kipimo ni mikrogramu kwa mililita moja ya damu. Kuanzia 2 kwenda juu ndiyo anahesabika ana ya kutosha, kati ya 1.5 na 2 yuko ukingoni, chini ya 1.5 ana upungufu.

Daktari akaniambia, nionyeshe unavyompa. Nikampeleka stoo. Ili nisihangaike kila asubuhi na bomba la kupimia, nilikuwa nachanganya ya mwezi mzima kwa mpigo: mafuta ya vitamini E, unga wa madini na pumba ya ngano, vyote ndani ya ndoo kubwa. Ndoo haina mfuniko wa kubana. Stoo ni ya mabati, saa nane mchana huwezi kukaa humo dakika kumi.

Daktari aliinama, akachota kiganja cha ule mchanganyiko, akanusa, akaniuliza: "Madini haya yana chuma na shaba?" Nikasema ndiyo, yameandikwa kwenye mfuko. Akatikisa kichwa. Chupa ilikuwa nzima na tarehe yake ilikuwa nzuri. Vitamini iliharibika ndani ya ndoo yangu, kabla haijafika kinywani kwa farasi.

Nieleze nilivyoeleweshwa, maana hapa ndipo penye uzi.

Kazi ya vitamini E mwilini ni kujitoa mhanga. Mafuta yaliyo kwenye kuta za chembe za misuli na mishipa ya fahamu yanaweza kuoza kwa oksijeni kama mafuta ya kupikia yanavyochacha. Vitamini E inatangulia mbele, inapigwa yenyewe badala ya hayo mafuta. Sasa tabia hiyo hiyo inaifuata mpaka kwenye kopo. Ikikutana na hewa, joto, mwanga, na hasa chuma na shaba, inajitoa mhanga hapo hapo kwenye ndoo. Ikifika kwa farasi imeshamaliza kazi yake kwa kulinda pumba.

Watengenezaji wanalijua hilo, ndiyo maana vitamini E nyingi ya unga inauzwa ikiwa imefungwa na asetati. Ichukulie asetati kama kofia inayofunika ile sehemu inayoshambuliwa na oksijeni. Ikiwa na kofia inavumilia miezi mingi hata ndani ya chakula cha mfuko. Ila utumbo wa farasi lazima uivue kofia kwanza, na si wote wanaoifanya kazi hiyo vizuri. Ile ya mafuta isiyo na kofia, hasa ile iliyotengenezwa ichanganyike na maji, inaingia kwenye damu upesi. Lakini ndiyo dhaifu kuliko zote ikishafunguliwa. Mimi nililetewa iliyo dhaifu kuliko zote nikaitendea kama saruji.

Jambo la pili kwenye lebo. Tazama herufi iliyotangulia neno alpha-tocopherol, jina la kitaalamu la vitamini E. Ikiandikwa "d" ni ya asili, ikiandikwa "dl" ni ya kiwandani. Ya kiwandani ni mchanganyiko wa maumbo manane, na moja tu kati ya hayo manane ndilo lile la kwenye majani. Ni herufi moja tu, rahisi kuipita. Damu ya farasi inapanda vizuri zaidi kwa ya asili, na kwa mgonjwa kama wangu daktari hakutaka kusikia habari ya "dl" kabisa.

Kiasi: farasi mzima wa kawaida anahitaji yuniti 1 hadi 2 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, zile IU za kwenye lebo. Kwa kilo 500 ni 500 hadi 1,000. Mwenye upungufu daktari anaweza kumpandisha hadi 10 kwa kilo, yaani 5,000. Zaidi ya 20 kwa kilo usiende, ikizidi sana inaanza kuingilia vitamini K na damu kuganda.

Wangu alianza 5,000 kwa siku, chupa mpya, inapimwa kwa bomba na kumwagwa juu ya chakula dakika ile ile anapoletewa, madini yanasubiri mlo wa jioni. Wiki ya sita damu ikasoma 2.3. Mapaja yalishaacha kutetemeka. Nyama ya mgongo inarudi taratibu.

Maswali yaleteni, nitajibu ninachokijua.

Nyika_Nanyuki

Ndugu, pole kwa huyo farasi na asante kwa kuandika bila kuficha. Ila hapo kwa tarehe ningependa tubishane kidogo. Mimi niko Nanyuki na farasi sita, na hutumia makopo yaliyopitisha tarehe hata mwaka. Hakuna aliyewahi kuugua. Naona hizi tarehe zimewekwa tununue upya.

SaisiWaUsa

Nyika, karibu. Kwanza nikubaliane nawe panapostahili: vitamini E ya unga iliyopita tarehe haigeuki sumu. Tarehe maana yake mtengenezaji anaahidi kwamba mpaka siku hiyo, kopo likiwa limefungwa na limewekwa alivyoagiza, kiasi kilichoandikwa kipo. Baada ya hapo ahadi imekwisha. Inaweza kuwa imebaki nyingi, inaweza kuwa imebaki robo.

Lakini niambie, farasi wako wanachunga? Maana Nanyuki ikipata mvua majani yapo, na farasi anayeshinda kwenye majani mabichi anapata vitamini E yake yote humo, hata kopo lako liwe na unga wa mhogo. Nyasi zikikatwa na kukaushwa hupoteza kati ya asilimia 30 na 80, na zinaendelea kupoteza zikiwa stoo. Kwa hiyo farasi wako hawakuugua kwa sababu ya kiwanja. Ukame ukija ndipo kopo litapimwa, na litapimwa kwa farasi.

Na hii kitu haiji kwa wiki moja. Farasi ana akiba mwilini. Kuna ugonjwa wa mishipa ya fahamu inayoendesha misuli, ulioelezwa mara ya kwanza Marekani mwaka 1990, huwapata wakubwa waliokaa bila majani kwa mwaka na nusu au zaidi. Ukiona dalili, mishipa mingi imeshakufa na haifufuki. Wangu alikuwa na bahati kwamba kilichoguswa ni misuli.

Nyika_Nanyuki

Ni kweli, wanachunga. Januari hadi Machi ndiyo hunibana, huwa nanunua nyasi kavu za Boma Rhodes za marobota. Nimeenda kuangalia kopo sasa hivi. Limeandikwa "dl", na kijiko kimoja ni yuniti 250. Nilikuwa nawapa kijiko kimoja kila mmoja.

SaisiWaUsa

Hapo umeona mwenyewe, kaka. Hata likiwa jipya kabisa ni nusu ya kiwango cha chini. Vijiko vingi ndivyo vilivyo, kopo mbele limeandika kwa herufi kubwa "lina vitamini E" na nyuma kiasi ni cha kupaka mdomo.

MamaPunda_Lamu

Asalaam aleikum. Sisi hapa hatuna farasi, tuna punda, wabeba mchanga na mawe. Nina watatu. Kuna kijana ameniletea kopo la unga la farasi kutoka Mombasa, asema linawapa nguvu. Limefanya mabonge mabonge. Niliweka kwenye friji lisiharibike. Niwape?

SaisiWaUsa

Waaleikum salaam, mama yangu. Naomba usiwape kwanza, kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni hayo mabonge. Unga umeingiwa na maji. Kwa hewa ya pwani, kopo la baridi likitolewa kwenye friji na kufunguliwa, unyevu wa hewa unageuka matone ndani yake, kama bilauri ya maji baridi inavyotoka jasho. Kila ukifungua unaingiza maji mapya. Maji yanaharakisha vitamini kuharibika, na mabonge yanaota ukungu. Vitamini iliyopungua ni hasara ya fedha, ukungu unaua mnyama. Unga unakaa mahali pa kivuli pakavu, chini ya nyuzi 25 ikiwezekana, mfuniko umebanwa, na hausogelei dirisha.

Ya pili ndiyo kubwa. Angalia kama limeandikwa seleniamu, ambayo ni aina ya madini. Makopo mengi yanachanganya vitamini E na seleniamu kwa sababu zinafanya kazi kama mtu na nduguye. Lakini vitamini E ina nafasi kubwa ya kukosea, seleniamu haina. Kipimo cha farasi wa kilo 500 ukimpa punda wa kilo 150, umemzidishia mara tatu. Ikizidi kwa muda, nywele za shingo na mkia zinanyonyoka na kwato zinapasuka. Ikizidi kwa mkupuo, wanakufa. Aprili 2009 huko Wellington, Florida, farasi 21 wa polo wa timu moja walikufa karibu kwa pamoja baada ya kudungwa mchanganyiko wa kuongeza nguvu uliokuwa umezidishwa seleniamu. Farasi waliotunzwa kama wafalme, wakaanguka mmoja baada ya mwingine siku ya mashindano.

Punda wako wakipata majani mabichi kila siku hawana haja ya kopo. Wakihitaji, ni yuniti 150 hadi 300 za vitamini E peke yake kwa punda mmoja.

MamaPunda_Lamu

Ahsante mwanangu. Nimelisoma, seleniamu imo. Nimelitupa. Majani huwakatia wanangu shambani wakipata nafasi, sasa nitawahimiza kila siku.

Mkimbizi_wa_Jangwa

Wakuu, niko Abu Dhabi, saisi kwenye banda la farasi wa mbio ndefu, mwaka wa sita. Mimi ni wa Eldoret. Huku hakuna jani, chakula chote ni lusini kavu (majani ya malisho, alfalfa) na nyasi kavu zinazoletwa kwa meli. Farasi anaweza kuzaliwa na kuzeeka bila kukanyaga majani. Vitamini E kwetu ni kama maji.

Niongeze mawili. Moja, joto. Huku kiangazi kinapita nyuzi 45. Chupa zetu zinakaa chumba chenye kiyoyozi, lakini nimeona mzigo ukikaa kwenye gari juani kutwa nzima ndipo uingizwe kwenye hicho chumba. Tarehe ya kopo haijui habari za gari. Sasa tukipokea mzigo, kitu cha kwanza naweka mkono kwenye boksi. Likiwa la moto narudisha.

Pili, mafuta. Farasi wa mbio ndefu tunawapa mafuta ya mahindi kwa ajili ya nguvu, wengine mililita 300 kwa siku. Daktari wetu alitufundisha kwamba mafuta yale mwilini yanahitaji kulindwa, kwa hiyo ukiongeza mafuta unaongeza vitamini E. Kipimo chetu ni yuniti 100 kwa kila mililita 100, juu ya kile cha kila siku.

SaisiWaUsa

Mkuu, umeleta jambo zito. Wengi wanadhani mafuta ya kupikia yanaleta vitamini E kwa sababu chupa imeandikwa hivyo. Mengi yanakula vitamini E zaidi ya ile yanayoleta. Na yakianza kunuka yamechacha, usimpe hata kidogo. Mafuta yaliyochacha yanaingia yakiwa tayari yanatafuta vitamini E ya kumaliza. Hapo tarehe haina maana, pua yako ndiyo ikuongoze.

DrMifugo_Naivasha

Nimefuatilia kimya, naomba niseme machache kama daktari. Saisi, umeeleza vizuri.

Kuhusu damu: sampuli ya vitamini E inaharibika kwa sababu zile zile zinazoharibu kopo. Ifungwe karatasi ya aluminiamu isipigwe na mwanga, iwekwe kwenye barafu mara moja, ichujwe mapema, na damu isigusane na kizibo cha mpira. Nimeona majibu ya chini yaliyotokana na bomba la damu lililosafiri mfukoni mwa dereva. Kipimo pia kinapanda na kushuka ndani ya siku, kwa hiyo toeni saa ile ile kila mara.

Kuhusu sindano za vitamini E na seleniamu zinazouzwa madukani: msijidungie. Vitamini E iliyomo ni kidogo ukilinganisha na mahitaji ya siku moja, na zimeshasababisha mshtuko wa ghafla hata kifo. Kwa mwana-farasi aliyezaliwa dhaifu sehemu zenye udongo usio na seleniamu zina kazi yake, lakini mkononi mwa daktari.

Bint_Moshi

Naomba kuuliza. Mimi nina farasi mmoja tu. Je, vile vidonge laini vya vitamini E vya binadamu vya duka la dawa, vya yuniti 400, naweza kumpa? Na kopo kubwa la kilo 5 ni bei nafuu kuliko madogo, ninunue?

SaisiWaUsa

Dada, karibu sana.

Vidonge vya binadamu watu wengi wa farasi wanavitumia na vinafanya kazi. Kwanza soma iwe "d". Hakikisha hamna kingine ndani. Vinne ni 1,600, vitano ni 2,000. Toboa, kamulia kwenye pumba kidogo iliyoloana, alambe hapo hapo. Uzuri wake ni kwamba kila kidonge kimefungwa peke yake, hewa haiingii mpaka siku unayokitoboa. Kwa mwenye farasi mmoja huo ni ulinzi mkubwa.

Kopo la kilo 5, fanya hesabu kabla ya kufurahia bei. Kama kipimo ni gramu 10 kwa siku, kilo 5 ni siku 500. Mwaka na miezi minne na zaidi, kopo linafunguliwa na kufungwa kila asubuhi. Ukifika mwaka wa pili unalisha jina. Nunua litakaloisha ndani ya miezi mitatu, na siku unapolifungua andika tarehe kwa kalamu ya wino mzito juu ya mfuniko. Tarehe ya kiwandani ni ya kopo lililofungwa. Mimi sasa ninaiangalia zaidi ile niliyoandika mwenyewe.

Usihamishie kwenye chupa ya kupitisha mwanga hata iwe nzuri kiasi gani. Na ukinunua duka linalopima kwenye mifuko midogo, omba uone mfuko mkubwa ulikotoka, ulifunguliwa lini na ulikuwa wapi. Muuzaji akikasirika, ondoka.

Moshi mna mifereji na majani. Kama unaweza kumkatia majani mabichi au lusini mbichi kila asubuhi, mkatie. Yaliwe siku hiyo hiyo, yasirundikwe yakapata joto maana yataleta msokoto wa tumbo. Kopo ni la miezi ambayo huwezi kupata majani.

Bint_Moshi

Asante kaka. Huyo wako wa miaka 14 anaendeleaje sasa? Bado yuko kwenye 5,000?

SaisiWaUsa

Hapana, daktari ametushusha taratibu, 4,000, kisha 3,000, sasa 2,000. Hakutaka kukata ghafla. Damu ya mwisho ilisoma 2.6. Jana alijilaza mchana nikakimbia kumwangalia, moyo unapiga, kumbe analala tu juani kama farasi wengine, akanyanyua kichwa akanitazama.

Mvua zimeanza na kona ya mashariki ya kiwanja imechipua. Nimeizungushia kamba, anaingia yeye kwanza saa mbili nzima kabla ya wenzake. Ile ndoo kubwa nimeipeleka kwenye mbolea. Damu nyingine inatolewa Jumatatu saa moja asubuhi kabla hajalishwa, nitaiweka namba hapa.